Mtu wa Kumi

Saa za chakula cha mchana, mlango wa lile jengo refu haufungiki. Watu wanatoka, watu wanaingia, mabega yanagongana, viatu virefu vinalia kwenye vigae, na mlinzi anaitikia salamu mpaka taya zinamchoka. Hapo ndipo Mwalimu alipowapanga wanafunzi wake siku ile, kila mmoja na dodoso lake mkononi, na wote wamejaa hofu usoni kama watu waliokuja kudungwa sindano.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, na gauni lake la zambarau lilimkaa vizuri hata mlinzi alisahau kuitikia salamu mbili tatu. Kazi yake chuoni ilikuwa kufundisha utafiti: namna ya kuwauliza watu maswali, na namna ya kueleza walichojibu. Wanafunzi walimwita Bi Kumi. Walidhani hajui.

"Mnahesabu wanaoingia," aliwaambia. "Wa kumi ndiye wako. Awe mzee, awe kijana, awe amekunja uso, huyo ndiye wako. Mkianza kuchagua wenye sura za upole mtaniletea ripoti ya watu wapole, na mji huu mnaujua."

Wakacheka. Alisubiri wamalize, kisha akaongeza la pili, na hilo halikuwa na mzaha.

"Na namba ya simu ya mtu uliyemhoji ni ya utafiti. Atakayeitumia kwa mambo yake ya moyoni, kwangu hana chake."

Walijua hatanii. Mwaka uliopita kijana mmoja alimhoji binti wa duka la vitabu, jioni akampigia kumsalimia, na Bi Kumi akamfelisha somo zima. Kijana alilia, wazazi wake wakaja, mkuu wa idara akaomba kwa upole. Hakusikia la mtu.

Sasa kulikuwa na mwanafunzi mmoja waliyemwita Kinanda kwa ajili ya sauti yake tamu. Ungemsikia akiomba chumvi ukampa na nyumba. Lakini alikuwa na aibu, na watu walikuwa wakimpita.

"Wananikataa, Mwalimu."

"Wanakukataa kwa sababu unaomba radhi kabla hujakosa. Nitazame."

Bi Kumi akaanza kuhesabu. Wa kumi akawa mwanamume mwenye ovaroli ya buluu, ukosi safi, mkoba wa vifaa begani, anatembea kwa raha zake kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Samahani kaka, tunafanya utafiti kuhusu huduma za jengo hili. Una dakika chache?"

"Kwako ninazo nyingi. Wanaonisubiri huko juu ndio sina za kuwapa."

"Chache zitatosha. Ukipanda juu unatumia ngazi au lifti?"

"Kamba."

Wanafunzi wakaguna. Bi Kumi akarudia swali kwa maneno yaleyale, kama alivyowafundisha, bila kubadili uso.

"Ngazi au lifti?"

"Dada yangu, jibu langu ni kamba. Hapo kwenye karatasi hakuna mahali pa kamba?"

"Kero kubwa kuliko zote katika jengo hili ni ipi?"

"Lifti."

"Unaridhika kwa kiasi gani na mafundi wa lifti? Sana, kiasi, au huridhiki kabisa?"

Akatua mkoba chini. "Fundi wa lifti hapa ni mmoja tu, mimi. Andika kwamba anaridhika sana na nafsi yake. Wengine hawampendi."

Mhoji hacheki, hiyo nayo ilikuwa sheria. Bi Kumi aliuma mdomo wa ndani na kumkabidhi Kinanda dodoso. "Malizia wewe," alisema, na sauti ilimtetemeka kidogo. Kinanda akasoma swali la mwisho.

"Je, kuna lolote ungependa kuongeza?"

"Kwanza, sauti hii hata ikinisomea bili ya umeme nitaisikiliza mpaka mwisho," Fundi alisema. "Pili, huyu mwalimu wako anajizuia kucheka tangu swali la kwanza. Nina wasiwasi na mbavu zake."

Hapo Bi Kumi alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wanafunzi wakapiga makofi. Fundi alikubali kupigiwa simu siku nyingine kwa utafiti mwingine, akaitaja namba yake taratibu, akimtazama mwalimu badala ya aliyekuwa akiandika.

Jioni simu ya Fundi ikalia.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Chuo."

"Chuo kizima au mwalimu peke yake?"

"Peke yake."

"Basi ngoja nikae chini."

Ndiyo, ni yeye. Yuleyule aliyemfelisha mtoto wa watu. Alijiambia kwamba anahakiki tu majibu ya mlangoni, na uhakiki ule ukawachukua mpaka chaji ikaisha.

Wakapendana. Walikuwa wakionana upande wa pili wa mji, kwenye mgahawa wenye mapazia mazito, mbali na chuo. Yeye alikuja na gauni la kijani na hereni ndefu. Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono, ananukia sabuni, na hata hivyo kwenye kucha mbili kulikuwa na grisi iliyogoma kutoka. Bi Kumi aliipenda ile grisi. Alikuwa akivishika vile vidole juu ya meza akimkagua kama mama anayemkagua mtoto kabla ya shule.

Mchana Fundi alimpigia kutoka kileleni mwa jengo, pale mtandao uliposhika. "Mpenzi, mji wote uko chini ya miguu yangu na wewe sikuoni."

"Nipo darasani, kichaa wewe."

"Unawafundisha nini?"

"Kutomwamini mtu anayesema maneno matamu."

"Maskini. Wataolewa lini hao?"

Kitu kimoja tu Bi Kumi aliomba, tena aliomba mapema, mkono wake juu ya mkono wa mwenzake. "Mtu wa chuo asijue. Wanafunzi hasa. Yule kijana niliyemfelisha bado anapita mlangoni kwangu, Fundi. Wakijua, nitaficha wapi uso wangu?"

"Kwa hiyo mimi ni kosa la mtihani."

"Mpaka muhula uishe. Niahidi."

"Nakuahidi. Na mama yangu je? Yeye si wa chuo. Anataka kukuona."

"Muhula ukiisha, mpenzi. Twende na mambo kwa utaratibu."

Fundi aliuliza habari ya mama mara ya pili, na ya tatu. Kila mara jibu lilikuwa muhula. Kisha akaacha kuuliza, na hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia mwanamke. Angalia mambo ya binadamu: mlango kaufunga mwenyewe, halafu anashangaa mtu hagongi.

Na nyumbani alikuwa na dada yake mkubwa. Huyu dada aliishi na mwanamume kwa miaka, akimpikia, akimfulia, akimwita mume, mpaka siku mke wa ndoa alipowasili na masanduku na watoto. Tangu hapo alihamia kwa mdogo wake, na kila mwanamume kwake alikuwa na masanduku yanayokuja.

"Umeshafika kwake?" alimwuliza, akipanga vyombo.

"Bado."

"Ndugu yake hata mmoja umemwona?"

"Mimi ndiye niliyesema tusubiri, dada."

"Na mchana anapokea simu?"

"Akiwa ndani ya shimo la lifti hakuna mtandao."

"Shimo," dada alisema, akafunga kabati. "Wangu alikuwa na semina. Mdogo wangu, sikuombei mabaya. Lakini ukae ukijua."

Maneno yale yalimkaa kifuani. Dawa yake ilikuwa rahisi: kumkalisha mtu chini na kumwuliza, una mke, unanitaka, utanioa? Mwanamke aliyekula mshahara miaka yote kwa kufundisha watu kuuliza, swali hilo moja lilimshinda. Aliogopa kudanganywa usoni, na zaidi aliogopa kwamba akidanganywa ataamini.

Wakati huohuo wanafunzi walikuwa wanaanza zoezi la kuhoji kwa simu. Mada ilikuwa mahusiano na ndoa mjini. Alisimama mbele ya darasa akawaeleza jambo alilolieleza kila mwaka: kwamba mambo ya chumbani mtu hamwambii jirani wala rafiki, humwambia mgeni asiyemjua, kwa sababu mgeni hatakutana naye tena. Akiwa katikati ya maelezo hayo wazo likamjia, akapoteza alipokuwa akaomba wamkumbushe.

Namba za kupigia zilipigiwa kura, zitoke katika wale waliokubali mlangoni mwa jengo. Ya Fundi haikutoka. Bi Kumi akaiongeza kwa mkono wake. Akampa Kinanda ampigie, kwa kuwa kwa Kinanda watu hufunguka bila kujijua.

Mazungumzo yalirekodiwa kwa ajili ya kusahihishwa. Alifunga mlango wa ofisi, akachomeka waya masikioni, akasikia sauti anayoijua kuliko ya mtu yeyote.

"Je, umeoa?" aliuliza Kinanda.

"Hapana."

Moyo wa Bi Kumi ukatulia. Alikaribia kutabasamu.

"Kwa sasa una mpenzi?"

"Hapana. Sina."

"Unatarajia kuoa katika mwaka huu?"

"Sitarajii."

Hakukuwa na utani hata chembe. Sauti ilikuwa ya adabu, kavu, ya mtu anayelipa nauli. Bi Kumi alichomoa waya masikioni kabla mazungumzo hayajaisha, akakaa akitazama ukuta. Angekuwa na mke ingemuuma, lakini angejua alipoibiwa. Hili la kwamba hakuwa kitu kabisa lilimchoma mpaka mifupani.

Jioni Fundi alipiga kama kawaida. "Roho yangu, leo nimekwama na wazee wawili kwenye lifti, ngoja nikuchekeshe..."

"Usinipigie tena."

"Kuna nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Mpenzi, sema. Nimekosa nini?"

Akakata. Akamfungia asiweze kupiga wala kuandika. Dada yake alimwona machozi, akamsogezea chai, uso wake ukisema yote.

Baada ya siku kadhaa Fundi akaja chuoni. Alisimama getini mchana kweupe na lile shati jeupe, uso umempungua. Bi Kumi alikuwa anatoka na wanafunzi wake wa darasa jingine, ambao hawakuwapo mlangoni mwa jengo siku ile; Kinanda tu ndiye alikuwa nyuma kabisa, akihangaika na mkoba uliokatika mkanda.

"Mwalimu," Fundi alisema kwa heshima, "naomba dakika moja tu."

Wanafunzi wakasimama. Mmoja akauliza, "Mwalimu, unamjua huyu?"

"Simjui."

Alilisema akimtazama machoni, alitaka limwingie. Na Fundi alikuwa na mengi ya kusema pale. Neno moja tu lingetosha kumvua nguo mwanamke yule mbele ya darasa lake. Akawatazama wanafunzi, akamtazama yeye.

"Nimefananisha," alisema. "Samahanini sana."

Akavuka barabara. Bi Kumi alirudi ofisini akijiona ameshinda, lakini ufunguo aliokuwa akiulazimisha kwenye tundu ulikuwa wa nyumbani.

Siku ya kuwasilisha ripoti, ukumbi mdogo ulijaa. Mkuu wa idara alikaa mbele na miwani yake puani. Kinanda alikuja na sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyonyooka, na aibu yake yote alikuwa ameiacha nyumbani. Alieleza walihoji akina nani, waliulizaje, walijibiwa nini. Alipofika kwenye mapungufu ya utafiti akageuza ukurasa.

"Kuna mhojiwa mmoja tumemwondoa katika hesabu," alisema. "Baada ya maswali aliniuliza kama mimi si yule binti wa mlangoni mwa lile jengo refu, mwenye sauti. Alikuwa amenitambua tangu nilipomsalimia. Akaniambia nimsalimie mwalimu wangu. Sasa kwa kuwa alijua mimi ni mwanafunzi wa chuo hiki, na maswali yenyewe ni ya siri za mtu, tuliona majibu yake hayawezi kuaminika. Huenda alikuwa na jambo asilotaka lifike chuoni."

"Safi kabisa," alisema mkuu wa idara. "Uangalifu huu mmefundishwa na nani?"

"Na Mwalimu wetu huyu hapa."

Ukumbi ukapiga makofi, watu wakageuka kumtazama. Bi Kumi alitabasamu. Alilazimika kutabasamu, kwa sababu mkuu wa idara alikuwa anampa mkono. Masikioni mwake hakusikia makofi; alisikia sauti yake mwenyewe pale mgahawani ikisema mtu wa chuo asijue, niahidi. Na mtu akaahidi. Binti aliyemmalizia dodoso mbele ya macho yake ndiye huyohuyo aliyempa namba ile apige, na kwa wivu wake hakuliona.

Hakusubiri ripoti ya pili. Alichukua gari la kukodi mpaka kwenye lile jengo, akashuka ngazi za chini hadi chumba cha mafundi. Fundi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Hakushtuka kumwona.

"Karibu," alisema. "Au nimefananisha tena?"

"Fundi, ulimwambia Kinanda huna mpenzi."

"Yule binti? Nilimwambia. Si ni mwanafunzi wako? Si ulisema wasijue?" Akaendelea kusugua, kisha mikono ikasimama. "Wewe umejuaje nilichomjibu?"

"Nilisikiliza."

"Na mimi niliangukiwa na kura?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua ila yeye. "Hapana," alisema. "Namba yako niliiweka mimi."

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Fundi akafunga bomba.

"Kwa nini hukuniuliza? Namba yangu unayo. Jumapili nzima nimekaa mbele yako nakula. Ungeniuliza chochote."

"Niliogopa utanidanganya."

"Kwa hiyo ukamtuma mtoto wa watu, nikamdanganya yeye kwa ajili yako, halafu ukanihukumu kwa uongo huohuo."

"Nisamehe, mpenzi. Nakuomba. Nilikuwa mjinga."

"Pale getini nilikusamehe kabla sijamaliza kuvuka barabara," alisema Fundi, na sasa sauti ilianza kumkatika. "Nilisema ana sababu, wanafunzi wake wanamtazama, tumeahidiana. Nimekutetea njia nzima peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe hukuwa unatuficha. Ulikuwa unaniadhibu."

Bi Kumi akalia. Alilia kwa sauti, humo chumbani mwenye nyaya na makopo ya grisi, bila kujali nani atasikia. Fundi alimpa taulo lake, lakini hakumsogelea.

"Kampuni ilinipa nafasi kwenye mji mwingine tangu zamani," alisema. "Nilikataa, kwa ajili yako. Juzi nimewaambia nakwenda. Wiki ijayo sipo."

"Waambie umebadili mawazo. Nitakuja kwa mama yako leo. Sasa hivi, na gauni hilihili. Nitamwambia kila mtu chuoni."

"Leo."

"Ndiyo, leo."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha mwanamke.

"Ungenioa?" alimwuliza. Hatimaye lilitoka.

"Ningekuoa. Mama alishaniomba kipimo cha kidole chako, nikamwambia asubiri muhula uishe. Ndiyo maana niliacha kukusumbua."

"Na sasa?"

"Sasa siku nikichelewa kupokea simu, nitajiuliza ni nani umemtuma anipigie. Sitaweza, mpenzi."

Alisema mpenzi kwa mazoea, wote wawili wakalisikia, na hakuna aliyejua alifanyie nini. Juu huko mtu alikuwa anabonyeza kengele ya lifti. Fundi akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni kidogo kama anayetaka kurudi, kisha akapanda kwenda kazini.

Nyumbani dada alikuwa jikoni akikatakata vitunguu. Alimtazama mdogo wake usoni mara moja tu, akatua kisu.

"Umekwenda kumwona."

"Nimekwenda."

"Na umeujua ukweli."

"Nimeujua."

Dada akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeona mbali, akafuta mikono kwenye kanga aje kumkumbatia. "Pole, mdogo wangu. Nilijua tu. Ana mke, eh?"

"Hana mke."

"Basi yuko na mwanamke. Alikuwa na nani?"

Bi Kumi aliketi kwenye kigoda, bado amelishika lile taulo lenye grisi.

"Alikuwa na mimi, dada," alisema. "Alikuwa na mimi tu."